Wanafunzi wa meno hupewa alama za jino, droo haina alama

Ndugu Mhariri,

Muulize mwanafunzi wa udaktari wa meno wa mwaka wa nne otoklevu, ile mashine ya kutakasa vyombo kwa mvuke, hutumia joto gani, atakujibu kabla hujamaliza swali: nyuzi 134 kwa angalau dakika 3 kwa mashine yenye pampu ya kunyonya hewa, au nyuzi 121 kwa dakika 30 kwa vyombo vilivyofungwa ndani ya mashine ya kawaida. Atakutajia nyakati tano za kunawa mikono za Shirika la Afya Duniani, na akikuona bado una hamu atakuchorea mgawanyo wa Spaulding wa mwaka 1968, ule unaopanga vyombo kwa hatari yake. Sasa mfuate kwenye kiti cha mgonjwa, usimame pembeni dakika 40 bila kusema neno. Usishangae ukimwona anavuta droo kwa glovu iliyolowa mate ili achukue pamba aliyoisahau.

Tafiti zilizofanywa katika vyuo vya meno vya nchi mbalimbali hurudi na picha hiyohiyo: maarifa yako juu, matendo yako chini. Jibu la haraka huwa ni kuongeza semina. Tunaomba nafasi katika safu yako tueleze kwa nini semina haitafika mbali. Mwanafunzi hufanya kile ambacho mpangilio wa kliniki unamrahisishia, na hukazania kile anachopewa alama. Anapata alama kwa kingo za tundu alilochonga, kwa urefu wa mzizi aliousafisha, kwa jinsi mjazo ulivyokaa mgonjwa anapouma. Namna alivyofungua droo haimo kwenye karatasi ya msimamizi.

Tuanze na hendipisi, ile drili ndogo ambayo mlio wake watu wengi huuogopa kuliko sindano. Ya kasi kubwa huzunguka mara 200,000 hadi 400,000 kwa dakika, ikisukumwa na hewa na kupozwa na maji. Inapozimwa, presha hushuka ghafla na vitundu vyake vinaweza kunyonya mate na damu hadi ndani, kwenye turbini (kigurudumu kinachozungusha ncha) na vijia vya maji. Kuifuta nje kwa pamba yenye spiriti ni kama kufuta mfuniko ukasema umeosha sufuria. Inavyotakiwa ni hivi: mgonjwa akimaliza, hendipisi inaachwa izunguke ikitoa maji na hewa kwa sekunde 20 hadi 30, inachomolewa, inasuguliwa nje, inatiwa mafuta, inazungushwa kidogo ili mafuta ya ziada yatoke, inafungwa kwenye mfuko wake, kisha inaingia otoklevu. Kila baada ya mgonjwa, si kila jioni. Wanafunzi wote wanalijua hili. Tatizo limo kwenye hesabu.

Chukua mfano wa kliniki ya viti 12, kila kiti kikihudumia wagonjwa watatu kwa asubuhi moja: wa saa 2:00, wa saa 3:30 na wa saa 5:00. Kazi ya kujaza jino inahitaji hendipisi mbili, ya kasi kubwa na ya kasi ndogo. Mgonjwa wa kwanza akitoka saa 3:15, hendipisi zake zinahitaji robo saa ya kusafishwa na kufungwa, takriban saa nzima ndani ya otoklevu ukijumlisha kupanda joto na kukausha, na robo saa nyingine ya kupoa. Zitarudi kitini saa 4:45. Zimemuwahi mgonjwa wa tatu, wa pili zimemkosa. Kwa maana hiyo kliniki hiyo haiwezi kufanya kazi salama ikiwa na seti pungufu ya 24, yaani hendipisi 48, na hapo hujahesabu zilizoko kwa fundi. Ikiwa na seti 12, mgonjwa wa saa 3:30 atachongwa kwa hendipisi iliyofutwa spiriti au atarudishwa nyumbani. Na mwanafunzi huyo ana kitabu cha kazi kinachomdai idadi fulani ya mijazo kabla ya mtihani. Mpe semina kumi, saa 3:30 kesho hesabu itakuwa ileile.

Ndiyo maana tunasema anayetaka kujua tabia za wanafunzi wa kliniki fulani asianze na dodoso. Ahesabu hendipisi, ahesabu viti, aulize otoklevu ngapi zinafanya kazi leo.

Otoklevu yenyewe nayo ina yake. Kosa la kwanza ni kuijaza kama daladala ya saa 12 jioni. Mvuke lazima uguse kila uso wa kila chombo. Mifuko ikilaliana, katikati hubaki mfuko wa hewa, na hewa haiui vijidudu kwa joto lile kama mvuke. Kosa la pili ni kutoa vifurushi vikiwa bado na unyevu kwa sababu mtu anasubiri. Karatasi iliyolowa hupitisha vijidudu kutoka mezani au mkononi, kwa hiyo kifurushi kilicholowa hakina tofauti na kisichotakaswa. Kosa la tatu ni la kusoma utepe. Ule utepe wa kwenye kifurushi unaobadilika rangi na kuonyesha mistari myeusi unasema tu kwamba kifurushi kimepita kwenye joto. Hausemi kwamba vijidudu vimekufa. Anayejibu swali hilo ni kipimo cha spora (mbegu sugu) za Geobacillus stearothermophilus, bakteria mgumu kuliko karibu wote kwa joto la mvuke, ambacho hupaswa kufanyika angalau mara moja kwa wiki na majibu yake kuandikwa kwenye daftari. Mwanafunzi anayehitimu bila kuona daftari hilo hata mara moja atafungua kliniki yake mtaani akiamini utepe. Tena hendipisi ni bomba jembamba lenye matundu. Mashine ya kawaida inayotegemea mvuke kusukuma hewa haiaminiki kufika ndani yake kama ile yenye pampu ya kunyonya hewa. Anayenunua mashine asitazame bei peke yake.

Sasa glovu. Wanafunzi huivaa kwa bidii, na bidii hiyo ndiyo inayowadanganya. Glovu humlinda aliyeivaa. Kalamu, faili la mgonjwa, kitasa cha taa, kitufe cha kiti, simu iliyotolewa mfukoni kupiga picha ya jino: hivyo vyote haivilindi, inavipaka. Virusi vya homa ya ini aina ya B vinaweza kuishi juu ya uso mkavu kwa siku 7 au zaidi vikiwa na uwezo wa kuambukiza. Kitasa kilichopakwa Jumatatu kinaweza kuwa na kazi Ijumaa.

Droo ndiyo mbaya kuliko zote, kwa kuwa ndani yake mna vitu safi vya wagonjwa wote wanaofuata. Na sababu ya kuifungua katikati ya kazi ni moja tu: mtu hakuandaa vitu kabla. Mpishi wa pilau hapimi bizari wakati vitunguu vimeshaanza kuungua. Kwa mjazo wa kawaida, kabla mgonjwa hajaketi, sinia liwe na kioo, probu (kifaa chembamba cha kupapasia jino), koleo ndogo, vijiko vya kuchimbia, kifaa cha kushindilia, pamba za mviringo 8 hivi, gozi, katriji (vichupa) mbili za ganzi, ncha za drili zilizotakaswa, na dawa ya kujazia iliyopimwa kwenye kikombe kidogo, si chupa nzima. Kinachobaki hutupwa au hurudi kutakaswa, hakirudi droo. Kitu kikisahaulika kweli, mwenzake asiye na glovu akichukue, au mwenyewe avae juu ya glovu yake ile mifuko ya plastiki ya mkono inayotumiwa na wauza chakula, ni ya bei ndogo sana, kisha aivue akimaliza. Taa, vitufe na kichwa cha kiti vifunikwe plastiki nyembamba inayobadilishwa kwa kila mgonjwa. Ile ya kufungia chakula inatosha.

Wako wanaoosha glovu kwa sabuni au kuzipaka spiriti ili zitumike kwa mgonjwa wa pili. Glovu ya mpira ina vitundu visivyoonekana. Sabuni huvuta maji kupita humo hadi kwenye ngozi, na spiriti huudhoofisha mpira wenyewe. Mafuta ya kujipaka ya petroli huifanya kazi hiyohiyo ya kuulainisha hadi uchanike, kwa hiyo anayepaka Vaseline asubuhi kabla ya kliniki ajue anachokifanya. Mikono hunawiwa kabla ya kuvaa na baada ya kuvua: sekunde 40 hadi 60 kwa sabuni na maji, au 20 hadi 30 kwa kitakasa mikono chenye alkoholi kama haina uchafu wa kuonekana. Pete ivuliwe. Kucha za bandia hazina nafasi kliniki, tunalisema hili tukijua tutachukiwa. Na kwenye beseni la kuoshea vyombo vyenye ncha, glovu za uchunguzi hazifai kabisa. Zivaliwe zile nene za usafi, na brashi iwe na mpini mrefu.

Wasimamizi nao tusiwafiche. Msimamizi mmoja ana wanafunzi sita au wanane. Anapita kiti hadi kiti, anainama, anagusa jino kwa probu, anasema "ongeza kina hapa", anahamia kingine. Akiwa amevaa glovu zilezile, ameunganisha vinywa vinane kwa mkono mmoja. Mwanafunzi anaona, na atafundishwa na anachokiona kuliko alichoandikiwa kwenye slaidi. Dawa yake ni nyepesi: kila kiti kiwe na boksi la glovu na chupa ya kitakasa mikono upande anaosimama msimamizi, na atumie kioo na probu ya sinia la mgonjwa huyo.

Kuhusu barakoa tutakuwa wafupi, kwa kuwa tangu mwaka 2020 kila mtu amekuwa mtaalamu wake. Ibadilishwe kwa kila mgonjwa, na mapema zaidi ikilowa, maana barakoa iliyolowa haichuji tena inavyopaswa. Isiteremshwe kidevuni ili kuongea na mgonjwa kisha ikapandishwa: upande wa nje umeshapokea mvua ya mate, na ukiwa kidevuni unaipaka shingo. Ngao ya uso haichukui nafasi ya barakoa, kwani hewa huingia kwa chini. Miwani iwe na kinga za pembeni, na mgonjwa naye apewe yake. Yeye ndiye aliyelala chali chini ya vyombo vyenye ncha. Mpangilio wa kuvua ndipo wengi hukosea. Glovu hutangulia, kisha gauni, nawa, miwani, barakoa kwa kushika kamba zake, nawa tena. Anayeanza na barakoa wakati glovu bado ziko mkononi amejipaka usoni kila alichokikwepa asubuhi nzima. Koti jeupe likivaliwa kliniki lisiende kantini wala kwenye daladala.

Ukungu unaotoka kinywani wakati drili inafanya kazi hupunguzwa zaidi na saksheni kubwa, yaani bomba pana la kunyonya, kuliko na chochote anachovaa mwanafunzi. Ikishikwa karibu na ncha ya drili, hunyonya sehemu kubwa kabisa ya matone kabla hayajasambaa. Lakini inahitaji mkono wa pili, na mwanafunzi anayefanya kazi peke yake ana mmoja wa drili na mmoja wa kioo. Kwa hiyo wafanye kazi wawili wawili, mmoja akichonga, mmoja akinyonya. Kuna jambo dogo ambalo wengi hawalijui: mgonjwa asiambiwe afumbe midomo kwenye kile kifyonza mate chembamba. Presha ya mdomoni inaweza kushuka kuliko ya kwenye bomba, na mate ya mgonjwa aliyetangulia yakarudi kinywani mwake.

Sindano ya meno ina tabia yake tofauti na ya wodini. Wodini unachoma mara moja, unatupa. Sisi tunaweza kumchoma mgonjwa mmoja mara mbili au tatu katika kazi ileile, ganzi ikichelewa kushika, hivyo sindano hubaki siniani ikisubiri, na hapo ndipo mtu hujaribiwa kuirudishia kifuniko kwa mikono miwili. Kifuniko kilazwe siniani, kichotwe kwa mkono mmoja kwa ncha ya sindano, kisha kisimamishwe na kukazwa. Au kiwekwe kwenye kishikio chake. Sindano isipindwe, isikabidhiwe mkono kwa mkono, na aliyechoma ndiye anayeipeleka kwenye kisanduku cha usalama, ambacho hufungwa kikijaa robo tatu. Katriji ya mililita 1.8 iliyobaki nusu hutupwa. Damu ya mgonjwa inaweza kuwa imerudi ndani mwanafunzi alipovuta kuangalia kama yuko kwenye mshipa. Ajali nyingine ambayo haitajwi sana ni ncha ya drili iliyoachwa kwenye hendipisi iliyotundikwa kitini. Mwanafunzi ananyoosha mkono kuchukua gozi, inamkwaruza kigasha. Ichomolewe kabla ya kutundika, basi.

Akijichoma, namba anazopaswa kuwa nazo kichwani ni hizi: mgonjwa akiwa na VVU, uwezekano wa kuambukizwa kwa sindano ni kama 3 kwa 1,000; homa ya ini aina ya C ni kati ya 2 na 18 kwa 1,000, kulingana na utafiti; homa ya ini aina ya B, kwa asiye na kinga, ni kati ya 60 na 300 kwa 1,000. Aoshe kwa sabuni na maji yanayotiririka. Asikamue, asimimine JIK wala spiriti, huko ni kuumiza nyama bure. Aripoti papo hapo, mgonjwa aombwe ridhaa ya kupimwa, na dawa za kinga dhidi ya VVU zikihitajika zianze ndani ya saa chache, zisipite saa 72, zimezwe siku 28. Wengi hawaripoti. Wanaogopa kukatwa alama, wanaogopa kipimo, na mara nyingi hawajui wamwambie nani saa 10 jioni ofisi zimefungwa. Karatasi moja ukutani yenye namba ya simu ya mtu wa zamu, pamoja na kanuni iliyoandikwa kwamba kujichoma hakukati alama, vitafanya kazi kuliko mabango yote ya rangi.

Hizo namba za homa ya ini B ndizo zinatufanya tuwe wakali kuhusu chanjo. Dozi tatu: ya leo, ya baada ya mwezi mmoja, ya mwezi wa sita. Mwezi mmoja hadi miwili baada ya dozi ya tatu hupimwa kingamwili, na kiwango kinachotakiwa ni kuanzia mIU 10 kwa mililita (mIU ni sehemu moja ya elfu ya kizio cha kimataifa). Wengi huishia dozi ya pili kwa sababu ya tatu huangukia likizoni. Na limeingia kundi jipya la wanaosema "mimi nilichanjwa utotoni", na ni kweli, Tanzania iliingiza chanjo hiyo kwa watoto wachanga mwaka 2002, hivyo vijana wanaoingia chuoni sasa wengi waliipata. Lakini kwa anayekwenda kushika damu kila siku hilo halitoshi kama jibu. Apimwe kingamwili, kikiwa chini ya 10 apewe dozi ya kuamsha kinga, apimwe tena. Hesabu ya miezi inaonyesha wazi kwamba ratiba inabidi ianze mwaka wa kwanza. Anayeanza wiki moja kabla ya kliniki atawagusa wagonjwa nusu mwaka bila kinga kamili.

Kuna mazoea ya zamani tunayopaswa kuyataja, ya ndoo ya JIK. Kanuni inajulikana nchi nzima: JIK ya asilimia 3.5, kipimo kimoja kwa maji vipimo sita, unapata klorini ya asilimia 0.5. Ni nzuri kwa damu iliyomwagika sakafuni. Kwa vyombo, mwongozo wa Shirika la Afya Duniani (WHO) wa mwaka 2016 haupendekezi tena kuvilowesha kwenye dawa kabla ya kuviosha: damu huipunguza nguvu dawa, klorini hula chuma, na mtu huona kazi imeisha wakati haijaanza. Vyombo viwekwe vikiwa na unyevu wa maji na sabuni, visuguliwe, visuuzwe, vikaushwe, ndipo vifungwe. Uchafu usiposuguliwa, mvuke hauupenyi. Na ndoo isiyoandikwa tarehe ichukuliwe kuwa ni maji.

Chapa ya meno ya aljineti (uji unaoganda mdomoni na kushika umbo la meno) inayopelekwa kwa fundi wa meno bandia isuuzwe hadi mate na damu viondoke, inyunyiziwe klorini ya asilimia 0.5, ifungwe kwenye mfuko dakika 10, isuuzwe tena, imiminwe plasta. Isiloweshwe muda mrefu, huvimba na meno bandia hayatakaa. Fundi wa maabara naye ana mikono.

Tukiwa hapo, kuna chupa za meno yaliyong'olewa. Wanafunzi wa miaka ya mwanzo huyahitaji kwa mazoezi ya kuchonga, huyaomba kliniki, huyahifadhi kwenye chupa za soda chini ya kitanda cha bweni. Jino hilo lina damu na nyama ya mtu. Lisuguliwe, likae kwenye maji yenye JIK kidogo, kipimo kimoja kwa kumi, ndani ya chombo kinachoziba na chenye maandishi, na kabla ya kuchongwa lipite otoklevu nyuzi 121 kwa dakika 40. Ila lenye mjazo wa amalgamu, ule wa madini yenye zebaki, lisiingizwe kwenye joto wala kwenye tanuri la taka, kwa sababu zebaki itageuka mvuke. Hilo hulowekwa formalini ya asilimia 10 kwa wiki mbili. Na hata kwenye chumba cha mazoezi, vumbi la jino linahitaji barakoa na miwani.

Limebaki la maji. Mirija ya kiti cha meno ni myembamba, maji hulala humo usiku kucha, na utando wa vijidudu hujijenga ukutani mwa mrija. Kipimo kinachokubalika kwa kazi za kawaida ni makundi ya bakteria yasiyozidi 500 kwa mililita. Nchini Italia, mwaka 2011, mwanamke wa miaka 82 alifariki kwa nimonia ya bakteria aitwaye Legionella iliyofuatiliwa hadi kwenye maji ya kiti cha daktari wake wa meno. Mwaka 2016 huko Anaheim, California, makumi ya watoto waliotibiwa kiini cha jino waliugua maambukizi ya bakteria Mycobacterium abscessus kutoka kwenye maji ya kliniki. Legionella hustawi kwenye maji ya uvuguvugu, nasi Dar es Salaam tunateka maji kwenye simtanki zilizoanikwa juani juu ya paa. Mirija ifunguliwe dakika 2 asubuhi na sekunde 20 hadi 30 baada ya kila mgonjwa. Chupa ya kiti imwagwe na kukaushwa jioni. Dawa ya kusafisha mirija itumike kama mtengenezaji alivyoelekeza, kwa sababu kufungulia maji hakung'oi utando uliokwisha kushika. Kwa kung'oa jino kwa upasuaji, yasitumike maji hayo kabisa. Itumike salini (maji ya chumvi) iliyotakaswa, kwa bomba lililotakaswa.

Tunachoomba vyuo vifanye si kikubwa. Kinga ya maambukizi ipewe nafasi ya lango katika kila kazi ya mgonjwa: msimamizi awe na mistari mitano tu ya kutia alama ya ndiyo au hapana (mfuko wa vyombo umefunguliwa mbele ya mgonjwa, hendipisi imetoka kwenye mfuko wake, droo haikuguswa kwa glovu, sindano imetupwa na aliyechoma, mikono imenawiwa mwanzo na mwisho). Hapana moja, kazi hiyo haihesabiwi kwenye kitabu hata kama mjazo umependeza. Lakini lango hilo lisisimikwe kabla ya kununua hendipisi za kutosha, la sivyo tutakuwa tunamwadhibu mtoto kwa kukosa daftari ambalo mzazi hajanunua. Tusingependa pia ukaguzi wa tarehe iliyotangazwa. Ng'ombe hanenepi siku ya mnada, na kliniki hung'aa siku ya wageni.

Kwa wasomaji wako wanaotibiwa katika kliniki za mafunzo, ambazo mara nyingi ni nafuu na zina uangalifu kuliko vyumba vingi vya mtaani: mna haki ya kuangalia na kuuliza. Ombeni mfuko wa vyombo ufunguliwe mkiona. Tazameni hendipisi inatoka wapi. Daktari mwanafunzi akigusa simu kwa glovu, mwambieni abadilishe. Hatakasirika, somo hilo alilifaulu.

Madaktari wa kinywa na meno,
Dar es Salaam